Mbio za Barabarani Goma: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Miguu ya Kawaida

Bango lilisema kilomita 10, saa moja kamili asubuhi, maji njia nzima, medali kwa kila atakayefika. Tulianza saa mbili na dakika kumi. Njia, nilipoirudia baadaye kwa kutembea na simu mkononi, ilikuwa kilomita 9 na mita kama 300. Maji yalikuwa sehemu moja tu, nayo yaliisha kabla sijafika. Medali ziliwatosha watu hamsini wa kwanza. Mimi nilikuwa nyuma yao sana, nina kichomi ubavuni na kokoto nyeusi ndani ya kiatu cha kushoto.

Hizo ndizo zilikuwa mbio zangu za kwanza. Tangu hapo nimekimbia nyingine kumi na moja. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mama wa watoto watatu, na sijawahi kushinda kitu zaidi ya fulana. Lakini sasa namaliza nikicheka, na siku mbili baadaye nashuka ngazi za shule bila kushika ukuta. Tofauti ni moja: niliacha kujiandaa kwa mbio za kwenye bango, nikaanza kujiandaa kwa zile zitakazokuwepo barabarani.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Tangu waasi wa M23 waingie mjini mwishoni mwa Januari 2025, mengi ya Goma yamebadilika, na mbio zangu nyingi ni za kabla ya hapo. Kwa hiyo popote nitakapotaja njia, uliza kwanza majirani hali yake asubuhi hiyohiyo. Habari za miguu, mapafu na mawe zinabaki zilezile.

Soma bango kama karatasi ya mtihani

Mbio za kwetu huangukia zaidi Jumapili au sikukuu: 8 Machi ya wanawake, 1 Mei, 30 Juni ya uhuru. Jumamosi asubuhi ni ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, na ukionekana unapita mbio huku wenzako wameshika majembe na mifagio utaambiwa maneno.

Kama hujawahi kushindana, chukua kilomita 5. Najua kumi ndiyo inayopigiwa ngoma, na kwenye tano utajikuta na watoto wa shule ya msingi. Hao watoto wasikutie aibu. Tano inakufundisha namna ya kupanga foleni, kuanza, kugeuka na kufika, na ukikosea unateseka dakika kumi, si saa nzima.

Ukienda kujiandikisha, usitoe pesa kabla ya kuuliza mambo manne: mnaanzia wapi hasa, mnageukia wapi, aliyegeuka anapewa alama gani, na nani anawazuia wamotari, yaani waendesha bodaboda. Mwandaaji anayejibu yote manne bila kupiga simu kwa mtu mwingine ana mbio nzuri. Anayejibu "mtaona hukohuko" bado unaweza kumpa pesa zako, ila beba maji yako.

Swali la urefu wa njia usiliulize kwa ukali, maana jibu unalijua. Mbio kubwa za dunia hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kihesabio kwenye gurudumu. Baiskeli hiyo kwanza husahihishwa kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa utepe wa chuma, kisha njia inaongezwa mita moja kwa kila mita elfu ili isije ikapungua. Kwa kilomita 10 ni mita kumi za ziada. Kwetu anatumwa kijana na pikipiki, anasoma mita ya pikipiki, tena mara nyingine akiwa amepita njia ya mkato kukwepa mashimo. Ndiyo maana wifi yangu anajivunia dakika 52 za kumi na mimi sibishani naye. Muda wa njia moja linganisha na muda wa njia hiyohiyo mwaka uliofuata, basi.

Kama unaweza, itembee njia nzima wiki moja kabla. Nenda na rafiki, mnunue mahindi ya kuchoma njiani. Tazama lami inaishia wapi na mawe yanaanzia wapi, kivuli kiko upande gani saa mbili asubuhi, na ni wapi unaweza kuomba choo. La choo ni muhimu kuliko unavyodhani, nitalirudia.

Kuhusu malipo: kama ni dola, peleka noti safi. Noti iliyochanika hata ukucha mmoja itarudishwa, na ukifika siku ya mwisho huna muda wa kutafuta nyingine. Dai risiti. Na karatasi ya namba, ambayo huku tunaiita dosa kwa Kifaransa (ndugu wa Pwani asije akasikia dosari), ichukue mapema pamoja na pini nne. Pini mbili hazitoshi. Upepo wa ziwani ukiikamata dosa yenye pini mbili inakupiga usoni mpaka mwisho.

Viatu: hapa usiwe na haraka

Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na mitaa mingi leo ni mawe hayohayo yaliyosagwa na magurudumu. Yana makali. Soli inayodumu miaka miwili kwenye mji wa lami tupu, kwetu inaisha mapema. Kiatu cha mbio kwa kawaida kinahesabiwa kilomita 500 mpaka 800. Mimi kwa mitaa ya Ndosho nakihesabia 400, halafu kinakuwa cha sokoni.

Wengi wetu tunanunua mitumba, soko la Virunga au Birere. Hakuna ubaya. Ila niliwahi kununua viatu vyekundu vinavyong'aa, nikavifurahia kama mtoto wa Krismasi, na katikati ya mbio soli ya kulia ikafunguka mbele ikawa inapiga makofi kila hatua. Watu wa pembeni walidhani nachekesha makusudi. Tangu siku hiyo nakagua hivi.

Kiweke kiatu juu ya ubao ulionyooka, ukitazame kwa nyuma. Kisigino kikiegemea ndani au nje, mwenye nacho wa kwanza alikanyaga hivyo, na wewe utalazimishwa kukanyaga kama yeye. Kiache. Kisha bonyeza kwa dole gumba ile sehemu nene nyeupe kati ya soli na ngozi. Ikirudi polepole kama kitumbua cha jana, au ikiwa na mikunjo mingi ya kulalia, sponji yake imekufa hata kama juu kinang'aa. Kikunje: kiatu kizuri kinakunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati ya unyayo, mrudishie muuzaji. Mwisho, pitisha ukucha kwenye mshono wa soli pande zote na unuse. Harufu kali ya gundi mpya maana yake kilifunguka, kikabandikwa wiki hii kwa ajili yako.

Nenda kununua alasiri, si asubuhi, kwa kuwa miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kwenye mbio itavimba zaidi. Mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa dole gumba. Muuzaji atakwambia "kitapanuka, Mama." Hakitapanuka. Kucha zako ndizo zitakazong'oka.

Halafu kabla hujakikimbilia, mpelekee fundi viatu akishone soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni. Mwambie asipitishe sindano ndani ya unyayo, apite ukingoni. Nilipomweleza fundi wangu ni vya mbio alikitazama kiatu, akanitazama na mimi, akasema, "Basi nashona mara mbili, Mama Mwalimu. Nakufahamu unavyotembea."

Kwa dada zangu: sidiria inayobana vizuri ina umuhimu sawa na viatu. Ukikosa ya michezo, vaa mbili za kawaida zilizokaza. Paka mafuta ya mgando chini ya utepe wake, kwapani na kati ya mapaja. Chumvi ya jasho ikikutana na ngozi iliyochubuka, utaoga huku unaimba kwa maumivu.

Wiki nane zinatosha

Mimi nakimbia siku tatu kwa wiki: Jumanne, Alhamisi, Jumapili. Siku nne zilinishinda, na mwili wa mtu aliyesimama ubaoni tangu asubuhi unahitaji kupumzika kama unavyohitaji kukimbia.

Wiki mbili za kwanza, Jumanne na Alhamisi ni dakika 30: kimbia nne, tembea moja, rudia. Jumapili dakika 40 kwa mtindo huohuo. Wiki ya tatu na ya nne, acha kutembea kidogo kidogo, Jumapili ifike dakika 55. Kuanzia wiki ya tano mpaka ya saba, Alhamisi weka kasi: baada ya dakika kumi za polepole, kimbia kwa nguvu dakika tatu, vuta pumzi kwa mwendo wa taratibu dakika mbili, mara tano. Jumapili ya wiki ya saba ifike dakika 75. Wiki ya nane kata kila kitu nusu, hata kama unajisikia simba. Mazoezi ya wiki ya mwisho hayakuongezei kitu zaidi ya uchovu.

Mwendo sahihi wa siku za kawaida ni ule unaoweza kuzungumza nao sentensi nzima. Ukiweza kusema "jana nilikwenda Kituku kununua sambaza nikakuta zimeisha" bila kukata katikati (sambaza ni vidagaa vya ziwani), uko sawa. Ukiweza kusema "sambaza" tu, punguza. Tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa si nzito kama ya pwani. Mgeni akitoka Dar au Mombasa siku tatu kabla ya mbio atashangaa pumzi zimekwenda wapi. Aanze taratibu kuliko anavyozoea, asihesabu dakika siku hiyo.

Kimbia kunapokucha, kwenye saa kumi na mbili. Karibu na ikweta jua halituchezei, linatoka karibu saa ileile mwaka mzima. Ukichelewa mpaka saa moja na nusu, wamotari wameshajaa na utavuta moshi na vumbi badala ya hewa. Gizani usitoke, na mwanamke asitoke peke yake. Mimi nina jirani zangu wawili, mmoja muuza vitenge na mwingine muuguzi. Wa kwanza kuamka anagonga geti la mwenzake kwa jiwe dogo, mara tatu.

Sasa sikiliza hili vizuri, maana vitabu vya mbio vilivyoandikwa kwingine havilitaji. Upande wa magharibi wa mji, Mugunga, Bulengo, karibu na Lac Vert na sehemu za pwani ya ziwa, kuna mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, isiyoonekana, na inatuama mashimoni na mabondeni usiku ambapo hakuna upepo. Alfajiri ndipo inapokuwa imejaa. Mbuzi na mbwa hufa humo, na watu pia. Mkimbiaji anavuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko mtu aliyesimama, kwa hiyo yeye ana hatari zaidi. Usishuke kwenye kibonde usichokijua asubuhi na mapema, usichuchumae humo kufunga kamba ya kiatu, usilale chini kujinyoosha. Kaa kwenye barabara iliyoinuka. Ukiona ndege au panya wamekufa mahali pamoja, rudi ulikotoka. Ukihisi kichwa kinauma ghafla na pumzi zinapaa, panda juu, usikimbilie bondeni kumsaidia aliyeanguka bila kupiga kelele watu waje kwanza.

Kwa mlima, tunao Mlima Goma hapohapo mjini. Panda kwa hatua fupi, macho mita kumi mbele, si kileleni. Kushuka ndiko kunakoumiza mapaja, hivyo usijirushe; piga hatua nyingi ndogo kana kwamba sakafu ina maji.

Watu huniuliza kama nusu-maratoni, zile kilomita 21 na mita 97, inawezekana kwa mtu wa kawaida. Huwajibu kwamba wengi wa Goma wameshaipita bila dosa. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, lilitoka agizo la kuhama, na mimi nilitembea mpaka Sake nikiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Ni kama kilomita 25. Nilipofika nilikaa kwenye jiwe nikatazama miguu yangu kama ya mtu mwingine. Mwezi wa nane mwaka huohuo ndipo nilipoanza kukimbia.

Chakula na maji

Siku mbili za mwisho ongeza bugali, wali au viazi, punguza maharagwe na sombe (kisamvu). Ni chakula kizuri, lakini nyuzinyuzi zake zinataka choo wakati ambao wewe unataka kukimbia. Samaki sawa, mradi umezoea kumla. Usijaribu kitu kipya. Shemeji yangu alialikwa harusini usiku wa kuamkia mbio, akala kila kilichopita mbele yake. Asubuhi alikimbia mita 800 nzuri sana, kisha akaingia kwa wenyewe kuomba choo na hatukumwona tena.

Asubuhi kula masaa mawili na nusu kabla ya muda wa bango: chai, mkate au ndizi mbivu mbili. Halafu weka mfukoni ndizi moja zaidi, kwa sababu muda wa bango na muda wa kuanza ni ndugu wasiosalimiana. Ikipita saa nzima hujaanza, kwa ile ndizi ya ziada utanishukuru.

Maji ya njiani usiyategemee, na usiyanywe kama hujui yametoka wapi. Kipindupindu hapa si hadithi. Kunywa yaliyofungwa au uliyochemsha mwenyewe. Mimi natengeneza kinywaji changu: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vijiko vya bapa visivyo na kilima. Ni mchanganyiko uleule tunaowapa watoto wanaoharisha. Nakamua limau kidogo ili usinikumbushe zahanati. Chupa ya nusu lita inatosha kumi. Kunywa ukisikia kiu, usijijaze. Kunywa maji mengi kupita kiasi nako kunaangusha watu, kwa kuwa kunazimua chumvi ya damu.

Na dawa za maumivu usimeze kabla ya mbio. Zile za kundi la ibuprofeni zikikutana na mwili uliokauka maji zinatesa figo. Ukiwa na homa, hata ndogo, baki nyumbani upime malaria. Dosa yako mpe mwingine.

Asubuhi yenyewe

Fika dakika 45 kabla ya muda wa bango. Kuchelewa kwao hakukupi ruhusa ya kuchelewa wewe, maana siku utakayochelewa ndiyo siku watakayoanza kwa wakati. Nenda kwenye choo ulichokiona wiki iliyopita. Vituo vya mafuta, parokia, hoteli ambako unanunua chai ya adabu: omba kwa heshima, acha franka kidogo.

Mimi huja nimefunga kitenge juu ya nguo za mbio. Naketi juu yake, najifunika nacho kama kuna baridi ya ziwani, na dakika tano kabla ya kuanza namwachia mama anayeuza mikate karibu na mstari. Namnunulia mikate miwili, nalipa, namwambia nitaichukua nikirudi. Mali yangu haijawahi kupotea kwa mpango huu. Simu naiacha nyumbani; ufunguo naufunga kwenye kamba ya kiatu kwa mafundo mawili.

Hotuba zitakuwepo. Wakati wa hotuba usisimame tuli, wala usirukeruke kama wale vijana. Tembea mbele na nyuma, zungusha vifundo vya miguu, piga mwendo mwepesi wa dakika tano unapoona msemaji ameanza kushukuru wafadhili.

Pa kusimama: pembeni kulia, nyuma ya theluthi ya kwanza. Mbele kabisa ni pa wale wenye mbavu zinazohesabika. Kirotshe, pale ziwani ng'ambo ya Sake, imetoa wakimbiaji hasa. Makorobondo Salukombo alikimbia maratoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na Beatrice Kamuchanga alikimbia mita 5,000 hukohuko. Ukimwona kijana amesimama mbele kimya, amevaa viatu vilivyochakaa na haangalii kamera, usijaribu kumfuata. Nilijaribu. Ilichukua sekunde 40.

Kilomita ya kwanza ni ya kujizuia

Hapa ndipo mbio zangu za kwanza zilipoharibikia. Mazoezini nilikuwa naenda kilomita kwa dakika 6 na sekunde 15. Firimbi ilipolia, watoto waliruka kama panzi, ngoma zikapigwa, na mimi nikapita kilomita ya kwanza kwa dakika 4 na sekunde 50. Nilijisikia nimezaliwa upya. Ile dakika na sekunde 25 nilizoiba, nilizilipa kuanzia kilomita ya sita, kila kilomita dakika mbili zaidi. Mwizi yeyote anayejua hesabu angekataa biashara hiyo.

Kwa hiyo: kilomita mbili za kwanza zikimbie polepole kuliko unavyotaka. Watakupita wengi. Wahesabu, halafu kuanzia kilomita ya nne anza kuwahesabu unaowapita wewe. Mimi huwa nasalimia: "Pole kaka, twende." Wengine hufufuka kwa neno hilo tu.

Kimbia ukingoni mwa lami, lakini si kwenye ukingo wenyewe pale lami inapovunjika; vifundo vingi hutegukia hapo. Mawe yakianza, fupisha hatua na uinue miguu. Kichomi kikikushika, pumua nje kwa nguvu kila mguu wa upande usiouma unapogusa chini, bonyeza panapouma kwa vidole, punguza mwendo mpaka kipite. Kwangu hupita ndani ya dakika mbili.

Wamotari watakuwepo hata kama barabara imefungwa. Na chukudu pia, zile skuta za mbao za kubebea mizigo. Kwenye mteremko mmoja nilisikia mluzi nyuma yangu, nikadhani ni shabiki. Nilipogeuka niliona magunia manne ya makaa yanakuja juu ya magurudumu mawili ya mbao, na mwenyewe amening'inia nyuma, kandambili zake zinatoa vumbi. "Mama, pisha! Breki hakuna!" Breki ya chukudu ni kipande cha mpira na mguu wa mwenye nayo, na yenye mzigo haisimami kwa ajili ya dosa ya mtu yeyote. Niliruka kwenye mtaro. Alipopita alinipungia mkono, na kusema kweli alikuwa anakwenda kasi kuliko wote tuliokuwa kwenye mbio. Ukisikia mluzi, jisogeze kulia kwanza, tazama baadaye.

Alama ya kugeukia

Mbio zetu nyingi huenda na kurudi njia ileile, na pale pa kugeukia lazima upewe kitu cha kuthibitisha hukukata njia: utepe, mpira wa mkononi, au mstari wa kalamu. Usipite bila kupewa, hata kama kuna msongamano. Simama, nyosha mkono, subiri.

Mwaka wangu wa pili walituchora kwa kalamu nyuma ya kiganja. Nilikimbia kilomita tano za kurudi nikijipangusa jasho kwa kiganja hichohicho. Mstarini kijana mwenye daftari akaniuliza, "Mama, alama iko wapi?" Nikamwonyesha mkono safi kama wa bwana harusi. "Mwanangu, mimi ni mwalimu," nikamwambia, "ningeibaje nafasi ya 94?" Akacheka, lakini hakuniandika. Tangu siku hiyo, kama ni kalamu, naomba wachore kwenye dosa yenyewe, upande wa chini, ambako jasho halifiki na mkono hausugui. Hakuna aliyewahi kukataa.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kuacha kutoa jasho wakati kuna joto: simama hapohapo, keti kivulini, ita mtu. Hakuna fulana yenye thamani hiyo.

Ukishafika

Usikae chini mara moja. Tembea dakika kumi, kunywa kidogo kidogo, kula ile mikate uliyomwachia mama. Hakikisha namba yako imeandikwa kabla hujaondoka. Ukikuta kosa, sema kwa upole na kwa mwenye daftari mwenyewe, sio kwa yule mwenye kipaza sauti.

Mapaja yatauma zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza. Ni kawaida. Jumatatu tembea tu, Jumatano jaribu dakika 20 za uvivu. Maumivu ya sehemu moja, yenye ncha, yanayozidi ukikanyaga, hayo sio ya kawaida. Pumzika wiki nzima, na yakibaki nenda kwa muuguzi. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nina daftari la mistari, lile la wanafunzi. Kila mbio ina ukurasa mmoja: muda wa bango, muda tulioanza kweli, urefu wa bango, urefu nilioupima, nilikula nini, viatu gani, nani alinipita mwishoni. Nikijiandikisha tena kwa waandaaji walewale nafungua ukurasa wao kwanza. Wale wa mbio zangu za kwanza, kwa mfano, mwaka juzi walianza saa moja na dakika 25 na njia ikawa kilomita 9 na mita 800. Wanajitahidi.

Viatu usivianike karibu na jiko, gundi italainika. Toa kamba, jaza magazeti ndani, badilisha magazeti usiku. Vikikauka, chukua msumari butu utoe kokoto nyeusi moja moja kwenye soli. Mwanangu wa mwisho anazikusanya kwenye kopo la maziwa ya unga; mara ya mwisho alihesabu 31, ishirini zote kutoka mguu wa kushoto, na mpaka leo sijui ni kwa nini.